Upande wa Kushoto wa Spika

Jumanne, 4 Machi

Kwa binti yangu, mkunga mkuu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipata. Dereva wa basi ameileta mwenyewe mpaka getini, maana hakuna dereva nchi hii asiyeijua nyumba ya Nyundo.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Ni kweli, sipokei. Simu ni ya watu wavivu wa kushika kalamu. Mimi darasa la pili niliishia mlangoni na bado naandika, wewe uliyesoma mpaka ukavaa joho unashindwa nini? Mpiga chapa wa ofisini ameniomba nimsomee maneno, yeye ayaweke sawasawa. Nimemfukuza. Alikuwa wapi nilipokuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, nauza madume mia kwa siku bila kuandika hata jina la mtu, yote yako kichwani?

Sikio, mama. Sikio ndilo lililonifikisha kwenye kiti hiki. Mnadani mtu alikuwa anataja bei kwa kukohoa tu, nyuma kabisa, ng'ombe wanalia, mimi nikamsikia na kumpigia nyundo. Ndiyo maana waliponipeleka Bungeni, na baadaye wakanipa kiti cha Spika, hapakuwa na cha kujifunza. Nauliza, wanaotaka wanasema ndiyo, wasiotaka wanasema siyo, nasikiliza sauti ipi imezidi, napiga nyundo. Marais wanne wamenikuta kitini na wamepita wakaniacha. Na tangu nikalie kiti hicho ni mmoja tu aliyethubutu kudai tuhesabiane vichwa. Nilimuuliza mbele ya wote kama nimkopeshe sikio. Walicheka mpaka akaketi. Hakuna aliyerudia.

Mambo mengine. Saa ya mkono ya marehemu mama yako, ile ninayolala nayo juu ya mto, imesimama. Nimempelekea fundi saa mara mbili. Ananiambia inatembea. Mwizi mkubwa. Nikijilaza kwa ubavu wangu wa kulia kama kawaida, naiweka sikioni, kimya. Na Katibu wa Bunge nimemhamisha. Alikuwa anakaa kushoto kwangu, ananong'ona kama mtu mwenye posa, sasa nimemweka kulia na ameanza kusema kama mwanaume.

Alhamisi unakuja mswada wa kufunga hospitali ndogo zote, ati kila mgonjwa aende ya mkoa. Najua ya kwenu imo. Spika hana upande, kwa hiyo mdomo wangu umefungwa. Lakini wabunge wa mikoa ya mbali wanakaa kushoto kwangu pamoja na wapinzani, na nina hakika watapiga kelele mpaka paa lipae. Wewe fungua redio usikilize.

Mimi baba yako,
Mheshimiwa Nyundo, Spika wa Bunge, asiyehesabiwa makosa


Jumamosi, 8 Machi

Baba, shikamoo.

Redio nilifungua. Tuliiweka kwenye kaunta ya wodi ya wazazi na wauguzi wote wakasogea, hata mama mmoja aliyekuwa na uchungu akasema nisubirini kwanza nisikie.

Ulipouliza wanaoafiki, tulisikia ndiyo. Si ndogo, lakini ya watu wa kawaida. Ulipouliza wasioafiki, Baba, ile siyo ilitingisha spika ya redio. Tulikumbatiana. Halafu tukakusikia wewe, kwa sauti yako ileile ya mnadani: "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda." Na nyundo.

Kiongozi wa wapinzani, huyo mnayemwita Profesa, alisimama kudai watu wahesabiwe. Ukamuuliza kama umkopeshe sikio. Upande mmoja ulicheka. Akaketi.

Sijui nikuandikie nini. Hospitali hii uliipigania wewe. Nimelelewa na hadithi hiyo: jinsi Mama alivyonizaa kwenye mkokoteni njiani kwa sababu hospitali ilikuwa mbali, na jinsi ulivyoingia Bungeni ukiwa mbunge mpya, kiti cha nyuma kabisa upande wa kushoto, ukapiga kelele na wenzako mpaka Spika wa wakati ule akasalimu amri. Leo muuguzi wangu mdogo ameniuliza, kwa adabu zote, baba yako wamempa nini. Nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sema wewe. Wamekupa nini?

Binti yako


Alhamisi, 13 Machi

Wewe mtoto,

Salamu yako nimeiitikia nusu, nusu nimeiweka mpaka utakaponiomba radhi. Nimepewa nini! Huyo muuguzi wako mwambie Nyundo hanunuliwi. Matajiri wa ng'ombe walijaribu kabla hata yeye hajazaliwa, na wote waliondoka wanatazama viatu vyao.

Sasa sikiliza. Niliumia kuliko wewe. Niliuliza wasioafiki, nikangoja ile ngurumo. Ikaja sauti kama ya watu wanaopisha msiba barabarani. Nilishangaa. Niliwaona midomo wazi, shingo zimewatoka mishipa, lakini sauti hakuna. Nikajisemea, hawa watoto wa siku hizi hawana mapafu, wanakunywa maji ya chupa na kukaa kwenye viyoyozi. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti cha nyuma, ningesikika mpaka kwenu bila redio. Lakini kazi ya dalali ni kupiga nyundo kwa bei aliyoisikia, si aliyoitamani. Nikapiga. Hiyo redio yenu ya kaunta ndiyo mbovu.

Na usidhani niko peke yangu. Watu wanaojua kazi wananiheshimu. Mnadhimu wa chama chetu, yule anayewakusanya wabunge wetu wapige kura kwa pamoja, alikuja nyumbani jioni ileile na kikapu cha matunda. Hajawahi kuja tangu ateuliwe. Akasogeza kiti akaketi kushoto kwangu, akasema maneno sikuyashika vizuri, maana anaongea kama anatafuna. Kisha akainuka akahamia kulia, akacheka peke yake, akaniambia: "Mzee, wewe endelea tu kusikia unavyosikia. Sisi tuko nyuma yako." Nilifarijika sana. Ni kijana mwenye malezi.

Kura ya mwisho ya mswada huo ni Alhamisi tarehe ishirini na saba. Wasipopiga kelele hata hiyo, mimi nifanye nini? Niwapigie mimi?

Fundi saa yule nimemnyang'anya saa. Nimempelekea mwingine. Naye anasema inatembea. Wamekula njama.

Nyundo, Spika


Jumanne, 18 Machi

Baba, shikamoo. Nakuomba radhi, kwa moyo wote, kwa lile swali. Irudishe ile nusu ya salamu. Halafu keti, maana nitakayosema hutayapenda.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa na hasira, mara ya pili nikiwa nimesimama. Redio si mbovu, na wabunge wana mapafu. Baba, husikii kwa sikio la kushoto.

Usiitupe barua. Nilipokuja kwako sikukuu iliyopita, mezani nilikaa kushoto kwako. Nilikuambia nimepandishwa cheo, nimekuwa mkunga mkuu. Ukaendelea kula. Nilidhani umenuna kwa sababu sikutaka kurudi kuishi mjini. Nikalia chumbani kama mtoto. Kesho yake jikoni nilikwambia tena, nikiwa kulia kwako, ukanibeba juu juu na magoti yako hayo mabovu. Sikuunganisha. Sasa nimeunganisha. Katibu umemhamisha kulia. Simu hupokei. Na saa ya Mama, unaisikiliza kwa sikio gani ukiwa umelalia ubavu wa kulia?

Na huyo Mnadhimu, Baba, hakuja kukuheshimu. Alikuja kukupima. Alikaa kushoto akasema maneno, hukuyashika, akahamia kulia akacheka. Anajua. Na anajua upande upi wa Bunge hausikiki. "Endelea kusikia unavyosikia." Isome tena hiyo.

Sikwambii ubadilishe kura ya mtu. Nakuomba kitu kimoja: tarehe ishirini na saba usitumie sikio. Kanuni zenu zinaruhusu, umenieleza mwenyewe: wanaotaka watokee mlango wa kulia, wasiotaka mlango wa kushoto, wahesabiwe kama watu. Kama ndiyo wameshinda kweli, tutafunga hospitali na nitawapa wagonjwa wangu mikono ya kwaheri. Lakini wahesabiwe.

Na uje nikupeleke kwa daktari wa masikio. Anatibu watu wakaidi pia.

Binti yako anayekupenda


Jumamosi, 22 Machi

Mama,

Barua yako niliichana. Kisha nikaiunganisha.

Usiku nililala chali, nikaiweka saa ya mama yako sikio la kushoto. Kimya. Nikaihamisha kulia. Inatembea. Inatembea kama kijana anayekwenda harusini. Nikairudisha kushoto. Kimya. Nimefanya hivyo mpaka mkono ukachoka. Wale mafundi wawili nimewatukana bure, na mmoja ana umri wa kuwa baba mkwe wangu.

Sasa unajua. Lakini mwingine asijue.

Nilimwita Mnadhimu nikamuuliza ana kwa ana kama anajua. Safari hii hakuja na matunda. Aliketi kulia moja kwa moja, kwa heshima ya kunikata kisu, akasema: "Mzee, ukifungua ile milango, kesho yake tunaitangazia nchi kwamba Spika wake ni kiziwi. Usipoifungua, utafia kitini na tutakuzika kwa mizinga."

Umeona nilipo? Mimi bila kiti kile ni nani? Ng'ombe siwezi tena kuuza. Kusoma nasoma kwa kidole. Wasomi wote waliokuwa wananicheka mlangoni, leo wanainama wakipita mbele yangu. Nikivuliwa joho lile la Spika, ndani kuna mzee wa darasa la pili anayesema nini, nini, rudia. Nimeona wazee wa namna hiyo. Watu wanawaongelea mbele yao kama kabati.

Hospitali ya kwenu niliijenga kwa sauti yangu. Sasa mnataka nilipie na masikio. Nadhani nimeshatoa ya kutosha.

Usiniandikie tena jambo hili. Andika habari za kazi yako.

Nyundo


Jumatatu, 24 Machi

Baba, shikamoo.

Habari za kazi yangu ni hizi. Jana alfajiri ameletwa msichana kwa baiskeli, amebebwa na shemeji yake, njia yote ya matope. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wote wawili wazima. Kwenda hospitali ya mkoa ni safari ya siku nzima, na wasingefika. Amemwita mtoto jina la yule shemeji, maana baba wa mtoto alikuwa amezimia nyumbani.

Habari nyingine sina, isipokuwa kumbukumbu. Nilipokuwa mdogo ulinipandisha juu ya uzio wa mnada, ukanionyesha dalali mmoja aliyekuwa anapokea bei za upande wa matajiri tu. Nilikuuliza kama anakula rushwa. Ukasema hapana, labda hata senti moja haichukui, labda amezoea tu kutazama huku. Halafu ukasema: "Lakini kwa yule maskini wa upande ule, mwanangu, ni mwizi tosha."

Nilikuwa na miaka sita, Baba, na sijasahau. Na yule aliyenipandisha kwenye uzio hakuwa na joho.

Alhamisi redio itakuwa kwenye kaunta.

Binti yako


Ijumaa, 28 Machi

Baba, Baba, Baba, shikamoo.

Nakuandikia bila kujua nini kimetokea. Ulisoma swali. Ukauliza wanaoafiki, tukasikia ndiyo. Hukuuliza wasioafiki. Ilikuwa kimya kirefu mpaka muuguzi akaipiga redio kofi. Halafu tukasikia kiti chako kikisukumwa, nikajua umesimama, na ukaanza, "Waheshimiwa, kabla sijaendelea," na hapo muziki. Muziki wa kwata mpaka jioni, bila maelezo. Leo asubuhi mtangazaji amesoma hali ya hewa na matokeo ya mpira.

Huku kwetu wengine wanasema umeanguka, wengine umekamatwa, wengine umeoa. Simu ya Katibu haipatikani. Yako ndiyo usiseme.

Dereva wa basi nimemwapisha asirudi bila neno lako, hata moja.

Binti yako, roho juu


Jumapili, 30 Machi

Mwanangu mkunga,

Marahaba, tena nzima. Sijaanguka, sijakamatwa, na kuoa hakuna aliyeniomba.

Wamekunyima uhondo, basi nitakupa mimi. Nilipofika pale pa kuuliza wasioafiki, niliwatazama wale wa kushoto. Walikuwa wameshavuta pumzi, vifua vimejaa. Nikafikiri, hawa maskini watapasuka tena na mimi nitaona midomo tu. Mnadhimu alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekuwekea mkono begani. Nikasimama. Nikavua lile wigi la Spika na kuliweka mezani, maana nilitaka masikio yaonekane.

Nikasema: "Waheshimiwa, sikio langu la kushoto halisikii. Kwa miezi sijui mingapi nimekuwa nikisikia nusu ya nchi na kuipigia nyundo kama nchi nzima."

Hapo kelele zilizuka, na hata hizo nilizisikia upande mmoja. Waziri mmoja anapiga meza, Mnadhimu anamwashiria fundi mitambo, ndiyo muziki wako huo. Nikapiga nyundo. Nyundo yangu bado wanaiogopa. Nikamgeukia Profesa kule kushoto. Nikamwambia: "Mheshimiwa, juzi nilikuuliza kama nikukopeshe sikio. Leo nakuomba wewe unikopeshe lako. Uliyodai wakati ule, dai tena."

Ni mtu wa vitabu, hapendi kushtukizwa. Lakini akasimama, akadai tuhesabiwe. Nikasubiri wa kucheka. Hakucheka mtu.

Nikaamuru milango ifunguliwe. Mama, ungewaona! Wengine hawajatembea tangu wachaguliwe. Walikuwa wanapigana vikumbo, wanauliza kulia ni wapi. Waziri wa afya mwenyewe alitaka kutokea mlango usio wake, akarudishwa kwa shati. Katibu akahesabu kulia, msaidizi wake akahesabu kushoto, wakaniletea, na Katibu akaja kunisomea upande wa kulia bila kuambiwa. Siyo wameshinda. Na wala si kwa kubanana. Wabunge wetu wengi wa mikoa ya mbali walitoka mlango wa kushoto vichwa juu, na Mnadhimu anawaandika kwa macho. Hospitali yenu inabaki, na zile nyingine zote. Nikapiga nyundo. Ilikuwa nyundo tamu kuliko zote nilizowahi kupiga, na nimepiga nyingi, hakuna wa kunifikia.

Sasa mengine. Walitimiza ahadi. Gazeti la jana limenichora na pembe ya ng'ombe sikioni. Nimeikata picha ile na kuibandika ukutani, pua wameipatia. Wazee wa chama walikuja wanne wakataka nijiuzulu kwa sababu za kiafya, wakaniletea na barua imeshachapwa, kazi yangu kutia sahihi tu. Niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikawangojesha mpaka chai ikapoa. Kisha nikawaambia sitii. Wanaotaka niondoke watokee mlango wa kulia, wanaotaka nibaki watokee wa kushoto, tuhesabiwe. Kanuni ni hiyo na wameshajua njia.

Kura yenyewe ni Alhamisi ijayo. Siruhusiwi kukalia kiti siku ya kujadiliwa mwenyewe, atakaa Naibu. Nimemwambia mhudumu anifutie vumbi kile kiti cha nyuma kabisa, upande wa kushoto, pale nilipoanzia. Kuna mtu alikuwa anaweka koti lake hapo. Ameliondoa. Wakishinda wao, nitatoka kwa miguu yangu na siku inayofuata nitakuwa palepale, mbunge wa kawaida, nikipiga kelele. Sikio moja limelala, koo liko macho. Wakishindwa, watanizoea. Profesa amenitumia ujumbe kwamba upande wake wote utatoka kushoto. Nikamjibu aache kunipaka mafuta, ahesabu watu wake vizuri.

Mafundi saa nimekwenda kuwaomba radhi. Yule mzee amenisamehe. Wa pili amesema nitengenezeshe saa nyingine kwake kwanza.

Ijumaa, vyovyote itakavyokuwa, nakuja kwenye hilo basi la asubuhi. Nataka kumwona huyo mtoto wa baiskeli. Na huyo daktari wako wa masikio mwambie anisubiri, lakini asinipigie kelele.

Simu nimeiwasha. Ipo hapa mezani, upande wa kulia. Piga ukipata barua hii, na uniambie tena habari ya kile cheo chako tangu mwanzo, kana kwamba hukuwahi kuniambia.

Baba